Bahari Ilichafuka, Ikaleta Taarifa

Chukua kalamu, msomaji. Kidokezo ni hiki:

Bahari ilichafuka, ikaleta taarifa (6).

Namba iliyo kwenye mabano inakuambia kwamba jibu lina herufi sita. Ukiisoma sentensi hii kama unavyosoma sentensi nyingine yoyote, utaiona pwani ya Mtwara wakati wa kusi: mawimbi yamepanda, ngalawa zimevutwa juu ya mchanga, mtu anakuja mbio na ujumbe. Picha hiyo yote umewekewa ili ikupoteze. Iache. Rudi kwenye maneno yenyewe, uyatazame moja moja. Neno la mwisho, taarifa, ndilo maana ya jibu. Neno la kwanza, bahari, halina maji hata tone. Limewekwa kwa ajili ya herufi zake sita. Ilichafuka ni agizo kwako: zichafue herufi hizo, kisha uzipange upya. B, a, h, a, r, i. Ukizipanga vizuri unapata habari, na habari ni taarifa. Kwisha.

Huo ndio mchezo wa vidokezo vya kificho. Waingereza wameucheza magazetini kwa karibu miaka mia moja, ila kwetu, kwenye kurasa za Kiswahili, bado haujazoeleka. Chemsha bongo tulizozoea, zile za miraba na maneno yanayokwenda kulia na kushuka chini, huuliza maana peke yake: mji mkuu wa nchi fulani, kinyume cha refu, jina jingine la ndovu. Ukijua unaandika, usipojua unaruka. Zina faida yake, na watoto wengi wamejifunza jiografia kwa njia hiyo, lakini hazimpi asiyejua njia yoyote ya kufika kwenye jibu. Kidokezo cha kificho kinampa. Naamini kabisa kwamba Kiswahili kimejaliwa vifaa vyote vya mchezo huu, na kimojawapo Kiingereza hakina. Ndiyo maana nataka kuwaonyesha wanaoanza jinsi vidokezo hivi vinavyofumbuliwa, na jinsi jibu linavyoelezwa mpaka mwenzako akubali.

Historia yake si ndefu. Fumbo la kwanza la maneno lililochapishwa gazetini lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, likatokea katika New York World tarehe 21 Desemba 1913. Lilikuwa la maana tu. Hila zilianza kumea Uingereza katika miaka ya 1920, hasa kwa mkono wa Edward Powys Mathers, aliyejipa jina la Torquemada na kuwahenyesha wasomaji wa The Observer tangu 1926 hadi alipofariki mwaka 1939. Akarithiwa na mwalimu mmoja wa lugha za kale, Derrick Macnutt, aliyejiita Ximenes. Huyu mwaka 1966 alichapisha kitabu kizima cha kanuni za utungaji, na kiini chake hadi leo ndicho kinachofuatwa na watungaji wengi: kidokezo kiwe na maana sahihi ya jibu, kiwe na mchezo wa haki unaofikisha kwenye jibu hilohilo, na kisiwe na neno la ziada. Kwa ajili ya wanaoanza, The Times lilianzisha fumbo jepesi la kila siku mwaka 2014. The Guardian nalo likaja na la kwake mwaka 2024, likitumia aina chache tu za vidokezo ili mgeni ajue anatafuta nini.

Vidokezo vyangu nilivipeleka Mkunya, kata ya Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Ulikuwa msimu wa korosho. Mbele ya ghala la chama cha msingi watu hukaa muda mrefu wakisubiri magunia yao yapimwe, na gazeti moja huzunguka mikono mingi kabla halijafungiwa maandazi. Nilikuwa na sababu ya kuchagua mahali kama hapo na si chumba cha semina mjini. Mtu aliyekulia kwenye vitendawili anajua tayari jambo ambalo mwanafunzi wa mafumbo ya kizungu hulihangaikia sana: kwamba msemaji anaweza kusema jambo moja na kulenga jingine, na kwamba huo si uongo.

Ukanda huu wa kusini una utajiri mkubwa wa vitendawili, na vingine vimeandikwa zamani. Lyndon Harries, mmisionari wa misheni ya Kianglikana ya UMCA kusini mwa Tanganyika, alichapisha baadhi ya vitendawili vya Wamakua mwaka 1942 na vya Wamwera mwaka 1947 katika jarida la African Studies. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wenzake hujibu, "Tega!" Wakishindwa, yeye husema, "Nipeni mji," nao humpa mji, Masasi au Lindi au popote, akaenda huko kwa maneno na kurudi na jibu.

Tazama sasa kitendawili kinachojulikana na kila mtoto: nyumba yangu haina mlango. Jibu ni yai. Lakini mtoto mwerevu akisema boga, au akisema kaburi, utamkataliaje? Vyote ni nyumba, vyote havina mlango. Mwamuzi ni mtegaji peke yake, na jibu sahihi ni lile alilorithi kwa bibi yake. Kidokezo cha kificho kina milango miwili inayoingia chumba kimoja. Mlango wa kwanza ni maana, wa pili ni mchezo wa herufi au silabi. Ukiingia kwa mmoja na kutokea kwa mwingine, unajua mwenyewe, bila kuuliza mtu, kwamba umefika. Hii ndiyo sababu ya kuupenda mchezo huu: jibu linajithibitisha. Mwanafunzi wa shule ya kata anaweza kumshinda profesa, na profesa hana la kubisha.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya anayeanza ni kutafuta maana, na maana daima hukaa mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa mwa kidokezo. Haikai katikati. Ukishaishuku, yaliyobaki yote ni mchezo, na ndani ya mchezo huo kuna neno moja la ishara linalokuambia ufanye nini. Chafuka, vurugika, koroga, haribika: changanya herufi. Ficha, beba, tumboni mwa: jibu limo humohumo ndani ya maneno. Geuza, pindua, rudi: kinyume. Meza, ingia, ndani ya: neno moja limeingia ndani ya jingine. Kichwa, mwanzo, chanzo: chukua herufi za mwanzo. Sikia, sauti, tamka: tumia masikio.

Jibu lililofichwa ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo ninalompa mtu wa kwanza kumwonjesha:

Alama kondeni inaficha ngumi (7).

Jibu liko mbele ya macho yako, limeandikwa tayari. Tafuta herufi saba zinazofuatana, ukivuka nafasi iliyo kati ya maneno: alaMA KONDEni. Makonde. Ngumi ni makonde, kama anavyojua yeyote aliyewahi kusikia habari za ndondi redioni, na inaficha ni ishara. Pale Mkunya kidokezo hiki kilizua furaha kubwa, kwa sababu watu walijikuta wamo ndani ya alama ya shambani bila kujua.

Hapa kuna jambo ambalo mtungaji wa Kiswahili lazima alijue kuliko mwenzake wa Kiingereza, nami nataka nikae nalo kidogo. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba alama kondeni inaficha wachongaji, maana sanamu za mpingo za Wamakonde zimefika kila pembe ya dunia. Lakini wachongaji ni watu wengi, na watu wengi kwa Kiswahili ni Wamakonde, herufi tisa, si Makonde. Lugha yetu haikubali maana ilegee. Kila nomino ina ngeli yake, na ngeli inabeba viambishi mpaka kwenye kitenzi. Kidokezo kikisema kilichovunjika, ngeli ya ki-vi imeshajitaja. Kikisema wamejificha, kuna viumbe. Kwa mtungaji huu ni mzigo, kwa kuwa hawezi kudanganya kirahisi. Sentensi yake ya juu lazima ipatane kisarufi, na mchezo wa chini nao ukae sawa. Kwa mfumbuaji ni msaada mkubwa. Kiambishi kimoja kinaweza kukata nusu ya kamusi. Ndiyo maana nawaambia wanaoanza: kabla ya kutafuta hila, soma viambishi.

Sasa kile kifaa ambacho Kiingereza hakina. Mwingereza akigeuza neno hugeuza herufi moja moja kutoka mwisho. Kwetu ukifanya hivyo unapata takataka isiyotamkika, kwa sababu karibu kila neno letu linaishia kwa irabu na silabi zetu ni konsonanti kisha irabu. Ila sisi tuna kinyume. Watu wa pwani wamekitumia tangu zamani kama lugha ya siri: silabi ya mwisho inapelekwa mbele, kuja inakuwa jaku, na mgeni anabaki kushangaa. Edward Steere alikiona Zanzibar na kukiwekea mifano mwishoni mwa kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870. Steere huyohuyo, akiwa askofu, mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar kupitia Lindi, wakaanzisha kijiji cha misheni Masasi, chini ya uwanda huu tunaouzungumzia. Mtu aliyeandika habari za kinyume ndiye aliyeleta watu hawa wa kwanza wa misheni hadi huku.

Kwa hiyo kidokezo cha kugeuza, kwa Kiswahili, kigeuzwe kwa silabi. Mfano:

Lima, geuza, upate utajiri (4).

Ukisoma juu juu ni mawaidha ya bwana shamba. Li-ma, ukigeuza, ni ma-li. Mali ni utajiri. Nakipenda kidokezo hiki kuliko vyote nilivyotunga, kwa kuwa hakuna neno lililokuja kusindikiza tu. Hata kile kiungo, upate, kina haki ya kuwepo, kwani kinasema ukifanya hili utapata lile. Mzee mmoja aliyekuwa amekalia gunia alikifumbua kabla sijamaliza kukisoma mara ya pili. Nikamuuliza amejuaje. "Sisi tulisemezana hivyo tukiwa wachunga mbuzi," akasema, kisha akanigeuzia jina langu papo hapo, na la mwenyekiti wa kijiji.

Nikampa kingine: Ukipindua taka utapata eneo la diwani (4). Taka, kata. Hakuchukua muda. Alichofanya baadaye ndicho kilichonipa moyo: alianza kuwaeleza wenzake kwa utaratibu, hili ndilo maana, hili ndilo linalogeuzwa, hili ndilo linalokuambia ugeuze. Kueleza ni nusu ya mchezo. Mtu aliyebahatisha kata kwa sababu anajua diwani ana kata, bila kuona taka, bado hajamaliza kazi.

Aina ya kuunganisha vipande ilitupa mjadala mrefu zaidi:

Mchezo wa kijiweni si kitu cha kuandikia barua (8).

Kijana wa bodaboda alijibu haraka, "Kalamu!"

"Hesabu herufi, mwanangu," mzee akamwambia. Kalamu ina sita.

"Basi mzee, tuanze na mchezo. Bao."

"Bao halafu?"

Hapo kimya. Nikawaambia kwamba katika kidokezo hiki kuna neno dogo ambalo kila mtu analiruka, nalo halijabadilishwa hata kidogo, limekaa wazi kama lilivyo. Mama aliyekuwa akiuza maandazi, ambaye mpaka hapo alikuwa kama hasikilizi, akasema, "Si." Sasa wakajaribu: bao na si, haiwi. Drafti na si, haiwi. Kijana akapiga paja: karata! Karata na si, karatasi. Herufi nane. Na karatasi ndiyo kitu cha kuandikia barua. Sentensi ya juu inakanusha, inasema mchezo si karatasi. Sentensi ya chini inaunganisha, inasema mchezo pamoja na si ndiyo karatasi. Neno moja lenye herufi mbili limebeba kazi mbili zinazopingana. Anayeanza akumbuke hili: maneno madogo, si, na, ni, wa, ndimo watungaji wanamopenda kuficha vipande vyao.

Kidokezo cha kuingiza nilikitunga kwa makusudi kwa ajili ya mahali pale:

A ndani ya mji: sasa kuna cha kuchota (4).

Weka A ndani ya mji: m-A-ji. Maji. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Mvua inanyesha na mchanga unaimeza. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka Leipzig aliyekaa Newala mwaka 1906, alikuta watu wakishuka bondeni kuchota na kupanda tena na mitungi. Leo maji mengi ya uwanda husukumwa kutoka visima vya Mitema, huko Kitangari, na bado kuna siku mabomba yanakauka. Kwa hiyo mtu wa Newala akisoma sasa kuna cha kuchota, jibu analihisi kabla ya kulihesabu. Kidokezo kizuri hakidharau maisha ya msomaji. Mafumbo ya London yamejaa kriketi, majina ya mito ya Uingereza na vyeo vya jeshi lao. Ndiyo maana Mtanzania msomi, anayekijua Kiingereza sawasawa, hushindwa nayo na kujiona hana akili. Hana kasoro. Anaulizwa mambo ya kijiji kisicho chake. Mafumbo ya Kiswahili yaulize mbuzi, magenge, misimu, ngoma, mpira, ofisi za kata, na kila mtu ataingia akiwa na mtaji.

Tukitaja mbuzi, kuna vidokezo visivyochezea herufi hata moja. Vinaleta maana mbili za neno moja, zimeshonwa kana kwamba ni kitu kimoja. Mnyama wa kukunia nazi (5). Mbuzi wa zizini, na mbuzi wa jikoni. Kiswahili kina maneno mengi ya namna hii: panda, kaa, tembo, meza, chungu, shuka, ua. Mtungaji anayeanza aanzie hapo.

Masikio ni mlango mwembamba kwetu, kwa sababu tunaandika tunavyotamka. Hata hivyo upo. Dhana, kwa kusikia tu, ni jembe na panga (4). Wengi wetu katika usemi wa kila siku hatutenganishi dh na z, na kwa sikio kama hilo dhana ni zana. Thamani na samani zinapatana kwa njia hiyohiyo. Walimu wa Kiswahili wanaopigania matamshi wanaweza kuvitumia vidokezo hivi darasani, kwani mwanafunzi hatasahau tena tofauti akishaona kwamba bila hiyo hakuna fumbo.

Vidokezo vya herufi za mwanzo havihitaji maelezo mengi. Vichwa vya Newala, Arusha, Zanzibar na Iringa ni chanzo cha tui (4). Chukua kichwa cha kila mji: N, A, Z, I.

Ukifika kwenye miraba yenyewe, mpangilio wa lugha unakusaidia kwa namna nyingine. Maneno yakipishana, herufi ya neno moja huwa herufi ya jingine. Kwa Kiingereza herufi hiyo inaweza kufuatwa na karibu chochote. Kwetu, ukishaona l au r, kinachofuata karibu kila mara ni irabu, na irabu ni tano tu. Mraba wa mwisho nao, isipokuwa maneno machache ya mkopo, ni irabu. Mwenye kuanza asiogope kuandika kwa penseli irabu anayoikisia. Mtungaji naye ana maamuzi yake: ng' ya ng'ombe ikae mraba mmoja au miwili? Na je, mraba mmoja ubebe silabi nzima badala ya herufi? Mimi naona fumbo la silabi, ma-ko-nde katika miraba mitatu, lingefaa sana watoto wa madarasa ya chini wanaojifunza kusoma kwa silabi, na hapo kinyume kingekaa nyumbani kwake hasa. Kwa watu wazima, herufi zitoshe.

Kuna mambo mtungaji asiyafanye, nami nayasema kwa uzito kwa sababu mchezo unauawa na watungaji wabaya, hauuawi na wafumbuaji wavivu. Asiweke maana iliyo karibu na sahihi. Asiweke neno la kupendezesha sentensi lisilo na kazi. Asichimbe msamiati uliozikwa kwenye kamusi ili kujionyesha, wakati maneno ya sokoni yapo tele. Na asichanganye aina mbili za hila katika kidokezo kimoja kabla msomaji hajaizoea kila moja peke yake. Msomaji akishindwa, jibu la Jumamosi ijayo limfanye aseme, kumbe! Likimfanya aseme, hata hivyo haikuwa haki, mhariri amempoteza.

Wala tusidhani kwamba wasomaji wetu hawako tayari. Mambo Leo, gazeti la serikali ya Tanganyika lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na washairi waliojibizana kwa tungo mwezi baada ya mwezi, mmoja akifumba na mwenzake wa mji mwingine akifumbua, na wasomaji wakifuatilia kwa hamu. Ufundi ule wa kufumba haujafa. Umekosa ukurasa. Ukanda huu wa kusini hauna upungufu wa watu wa magazeti: Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alikuwa mhariri wa Uhuru na The Nationalist kabla ya siasa kumchukua. Vijana wa leo wa Newala na Masasi wanaosomea uandishi wanaweza kuanza na hili, dogo na la gharama ndogo, na wahariri wa magazeti ya Kiswahili nawaomba wawape nafasi. Vidokezo vinane kwa wiki vinatosha, majibu yake yachapishwe wiki inayofuata pamoja na maelezo ya kila kimoja. Maelezo yasikosekane, bila hayo anayeanza ataendelea kuwa anayeanza.

Kabla hujafunga ukurasa, vipo vinne vya kwako. Tanganyika mara mbili ni njia ya magari (8). Mikasa ilivurugika, ikaleta kitoweo (6). Swala wa kuezekwa makuti (3). Kitu kikimeza A huvaliwa mguuni (5). Kimoja kina maana mbili, kimoja kimechafuliwa, kimoja kimeunganishwa, kimoja kimeingiziwa. Majibu ni paa, kiatu, barabara na samaki, ila sikuyapanga kwa mfuatano wa vidokezo, na jirani yako atakudai maelezo.